Stakabadhi ya Kilwa

Kutoka Mombasa hadi Dar sina la kusimulia, njia ile tumeizoea. Kutoka Dar kwenda kusini ndipo nilipoanza kujuta: kiti kimevunjika mgongo, watu wamesimama hadi mlangoni, na nauli imepandishwa palepale stendi kwa kisa kwamba leo magari ni machache. Nangurukuru nikashuka nikiwa nimekakamaa, nikadandia gari dogo hadi Kilwa Masoko, nikalala nyumba ya wageni isiyo na maji ila bei yake ni ya hoteli.

Lakini hayo si kitu. Kisa chenyewe kilianzia gatini. Kijana mmoja, kitabu cha risiti kwapani, alinipokea kwa bashasha. "Karibu kaka. Kibali cha kuona magofu ya Kilwa Kisiwani unakipata hapahapa." Akapokea pesa, akazihesabu mara mbili, akasema risiti nitaikuta ng'ambo. Mwenye boti naye akataka elfu hamsini kwa mkono wa bahari ambao ukisimama gatini unauona mwisho wake. Tukavutana hadi thelathini, kisha petroli ikadaiwa kando.

Ng'ambo, mzee aliyevaa kofia ya vito alikuwa amekaa kivulini na kimeza chake. Nikamwamkia. Akaitikia, akanyoosha mkono.

"Stakabadhi, mwanangu."

Nikamweleza habari ya kijana. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kamili, asinikatize hata mara moja.

"Nimekuelewa. Stakabadhi."

Tulipiga simu, haipatikani. Nikamtajia sura ya kijana, shati lake, hata mwanya wa meno. Watoto wakakusanyika. Mwenye boti, aliyeona kila kitu kule gatini, ghafla akawa na kazi kubwa ya kukung'uta nyavu. Jua likapanda. Mwishowe nililipa upya. Mzee akatoa kitabu, akaweka karatasi ya kaboni sawasawa, akaandika jina langu kwa mwandiko wa chuoni, herufi moja moja kana kwamba anaandika hati ya nikahi. Aliponiuliza nitokako nikamwambia Mombasa. Akacheka hadi akavua miwani.

"Mombasa? Si nyinyi mliokuwa mkitukagulia watu stakabadhi zetu!"

Mzee hakuwa anatania. Mwaka 1506 Mreno mmoja, Diogo de Alcáçova, alimwandikia mfalme wake barua akimweleza jinsi Kilwa ilivyokuwa ikikamua biashara ya Sofala, bandari ya dhahabu kwenye pwani ya Msumbiji ya leo. Mfanyabiashara aliyepita na nguo akielekea kusini alitozwa dhahabu kwanza ili aingie mjini, kisha sehemu kubwa ya shehena yake ikashikwa na sultani. Akirudi kutoka Sofala na dhahabu, sharti atie nanga Kilwa, atoe mithkali 50 (mithkali ni kipimo cha uzito wa dhahabu) katika kila 1000. Na aliyejifanya mjanja akapitiliza? Alikamatwa Mombasa. Asipokuwa na hati ya Kilwa, alitozwa zile 50 hukohuko na zikapelekwa kwa sultani wa Kilwa. Wazee wangu walikuwa makarani wa forodha ya watu wengine!

Kilichowapa Kilwa jeuri hiyo ni upepo. Chombo kilichotoka Arabuni au Bara Hindi na kaskazi kilifika Kilwa kikiwa bado na muda wa kuuza, kununua na kungoja kusi ikirudishe kwao. Kikiendelea hadi Sofala, msimu ungekiponyoka. Kwa hiyo dhahabu ya bara, ile ya upande wa Zimbabwe, ililetwa na vyombo vya pwani hadi Kilwa, ikawekwa humo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita 1331 akausifu mji kwa uzuri wake. Sisi wa Mombasa alitusifu kwa dini, na kwa ndizi na samaki.

Mzee alinipeleka Husuni Kubwa mwenyewe, polepole, fimbo mbele. Jumba hilo la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman liko juu ya jabali, lina birika la pembe nane, na upande wa kusini ua mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo wachimbuaji walivitambua kuwa maghala. Halikumalizika kujengwa. Nilipitisha kiganja ukutani: matumbawe yameshikana na chokaa, na ndani yake makombe ya konokono bado ni mazima. Chini kuna ngazi inayoshuka hadi baharini. Msikiti Mkuu na kuba zake nitauacha, picha zake zimejaa kila mahali.

Ushuru mzito hukimbiwa. Mwishoni mwa karne ya 15 wafanyabiashara walishaanza kupitia Angoche, bandari nyingine ya pwani hiyo, na mto Zambezi, wakaiacha Sofala na Kilwa pembeni. Kisha nahodha wa Kireno, Vasco da Gama, akaja 1502, akamlazimisha mtawala atoe kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa kuwa chombo cha ibada cha kanisa la Belém, Ureno, na leo kimo jumba la makumbusho Lisbon. Mwaka 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, aliuteka mji, akajenga ngome, na mwezi uliofuata akaichoma Mombasa yetu. Ngome yenyewe Wareno waliihama 1512, kwani dhahabu waliyoifuata haikuja tena kwa njia ile.

Nikakumbuka nyumbani. Mizigo ilipoamriwa ikatolewe Nairobi na Naivasha badala ya bandarini, madereva wa malori walikaa vibarazani Changamwe, mama ntilie wakafunga vibanda, vijana wakaandamana. Amri ilibatilishwa 2022, lakini mfanyabiashara wa Kigali hakungoja tumalize kugombana. Dar ipo, na huko pia kuna meli.

Jioni ile boti yangu ya elfu thelathini ilikuwa imeshaondoka, labda na nyavu zake. Nikarudi kwa mashua ya tanga pamoja na kina mama na vikapu vyao vya pweza. Nauli ilikuwa pesa ya chai. Nikamuuliza nahodha kama chombo hiki huvuka kila siku.

"Tangu alfajiri," akasema. "Huyo kijana wa gatini ni mpwa wangu, hakukwambia?"