Lami usiniletee

Aliyekuwa na gari hili kabla yangu alilipenda kweli, na mapenzi yake aliyaonyesha kwa lami. Tumbo lote, kutoka bampa hadi bampa, alilipaka ile lami nzito inayouzwa kwa ahadi kwamba kutu haitaingia tena. Ni MGB ya 1965, gari dogo la michezo la Kiingereza, la paa la kukunja, kijani iliyokoza. Ukichungulia chini, huoni doa. Fundi wangu wa bodi kule Majengo akaingia na bisibisi, akawa anagonga kwa mpini. Sauti ilikuwa nzuri mpaka alipofika nyuma ya gurudumu la mbele, upande wa dereva. Hapo ikabadilika, ikawa nzito, haina mlio. Akageuza bisibisi, akasukuma kidogo tu, ikazama yote.

"Ami," akaniambia bila kutoka chini, "hapa umebakiwa na lami peke yake."

Tulipoibandua ilitoka kwa vipande vipana, na kila kipande kwa ndani kimeshika ngozi ya kutu ya rangi ya chungwa, imelowa. Imelowa, na ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, mvua hatujaiona tangu vuli.

Asiyeijua MGB aelewe kwamba gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Lile boksi refu lililo chini ya mlango lina tabaka tatu za bati, na kwa kuwa juu hakuna paa la chuma, ndilo linalozuia gari lisijikunje katikati. Likioza, utakuja kufungua mlango siku moja na usiweze kuufunga. Sasa chukua boksi hilo uliweke Kizingo, hapa Mombasa karibu na bahari, ambako bati lililopigwa msasa jioni huamka na wekundu asubuhi, kisha ulipake lami juu ya chumvi na kutu iliyokwishaanza. Ni kidonda kilichobandikwa plasta bila kuoshwa. Jiwe moja la barabarani latosha kuipasua lami; maji yanaingia kwenye ufa, na njia ya kutoka hakuna.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja. Siulizi kitu ni cha kizamani au cha kisasa. Nauliza: unyevu ukishaingia, utatokea wapi? Maana Mombasa utaingia, utake usitake.

Ndani ya boksi hizo sasa natia mafuta. Wazo si geni pwani hii: majahazi yamepakwa sifa, mafuta ya ini la papa, kwa miaka ambayo hakuna wa kuihesabu. Na si mbao tu zinazonufaika. Nahodha Robert Fergusson, aliyeanzisha Rust-Oleum kule Marekani mwaka 1921, inasimuliwa alianzia hapo hapo, alipoona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha yenye kutu yameizuia isiendelee. Sifa niliijaribu upande mmoja. Paka wa mtaa mzima wakahamia chini ya gari. Sasa natumia mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo. Nayapasha moto kidogo, nayapuliza kwa mrija mrefu kupitia matundu ya kutolea maji. Yanadondoka sakafuni siku mbili tatu, na kila mgeni huniambia gari linavuja. Liache livuje. Mafuta yanatambaa, yanaingia kwenye maungio ambayo brashi haifiki, na mwakani nayatia tena.

Bati jipya lina sheria yake. Pale tulipokata na kuchomelea, fundi alisugua mpaka chuma kikang'aa, akapiga praima ya epoksi siku hiyo hiyo kabla hewa ya bahari haijakigusa. Wazee wa karakana hunisifia ile praima nyekundu ya risasi, na kweli ilikuwa kiboko ya kutu, lakini ni sumu, na fundi wangu ana watoto. Epoksi ikishika chuma safi haipitishi unyevu, na chini yake hakuna kilichofungiwa. Tofauti na lami haiko kwenye mkebe, iko kwenye kile unachokifunika.

Zulia nalo lilikuwa na sponji mgongoni. Ukiibonyeza kwa kidole, maji yanachomoza. Nimeitupa, nikaweka mkeka wa usumba, huu huu wa makumbi ya nazi yanayoozeshwa baharini miezi na miezi kabla ya kupigwa. Kitu kilichovumilia maji ya bahari kiasi hicho hakitashindwa na mvua ya Aprili, na hewa inapita. Wanaocheka wakumbuke kwamba Wajerumani walijaza nyuzi za nazi zilizoshikanishwa kwa mpira ndani ya viti vya Volkswagen, na Porsche pia.

Kwenye breki ndiko ninakogombana na rafiki yangu wa Nyali. Yeye ametia mafuta ya silikoni, DOT 5, kwa sababu hayanywi maji na hayali rangi. Yote mawili kweli. Mimi nimebaki na DOT 4 ya kawaida, inayokunywa unyevu wa hewani mpaka kiwango chake cha kuchemka kinashuka, na ndiyo maana naibadilisha kila mwaka. Lakini maji yaliyonywewa yanatoka pamoja na mafuta ninayoyamwaga. Kwenye silikoni, tone lililoingia halichanganyiki. Linashuka mpaka mahali pa chini kabisa, linakaa ndani ya kalipa, kile kibano cha breki, pembeni mwa pistoni, linaanza kazi yake. Lami ile ile, imebadilisha jina.

Basi msinione mtu wa kale. Foleni ya feri ya Likoni ilinimaliza ubishi. Jioni, jua usoni, injini inazunguka polepole, gari linasogea hatua moja kisha linasimama. Feni ya kiwandani inavutwa na mkanda wa injini, kwa hiyo pale unapoihitaji zaidi ndipo inapolegea. Sindano ya joto inapanda huku nyuma matatu inapiga honi. Giza likiingia unawasha taa kubwa, na dainamo ya Lucas, ambayo hata ikikimbia inatoa ampia 22 tu, kwa mwendo huo haitoi chochote cha maana. Taa zinafifia, zinakuwa za njano, na wewe uko katikati ya mteremko. Nimefunga feni ya umeme yenye swichi ya joto, nikafunga alteneta. Kwa gari la 1965 hilo lilimaanisha kugeuza umeme wote, kwa sababu lilitoka na upande chanya wa betri ukiwa umefungwa kwenye bodi. Kiwanda chenyewe kilihamia hasi na alteneta mwishoni mwa 1967. Anayeniambia nimeliharibu gari aende akagombane na Abingdon, kule lilikoundwa.

Betri mbili za volti 6 zilizoning'inia nyuma ya viti, moja ya volti 12 sasa. Bushi, zile zinazomeza mitikisiko kwenye maungio ya chini, ni za mpira wa kawaida. Za poliyurethani ni ngumu, zinalia, waachiwe wanaoshindana kwenye vumbi la bara. Mimi naenda Nyali kunywa chai. Plati, ile swichi ndogo inayokata umeme ili plagi zitoe cheche, nimetoa, nimeweka kifaa cha elektroniki ndani ya distribyuta, lakini plati na kondensa zimo kwenye kidroo pamoja na kipande cha msasa, kwa sababu kifaa kile kikifa njiani hakina cha kusuguliwa.

Paa ndilo lililonichekesha. Wapenda asili walinishauri niweke turubai la kitambaa "kama la zamani". La kiwandani lilikuwa la vinaili! Nimeweka kitambaa hata hivyo, kwa sababu kinapumua na ndani hakunuki koga wakati wa kusi, ila mtu asije akakiita orijino.

Kilichobaki ni kichwa cha injini. Petroli yenye risasi Kenya ilikwisha mwanzoni mwa 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda makalio ya valvu za moshi, yaani pale valvu inapokaa ikifunga, ambayo kwenye kichwa hiki ni chuma laini cha kichwa chenyewe. Napima nafasi za valvu mara kwa mara. Nikikuta imepungua, najua valvu inazama. Moja imeanza. Dawa ni kukereza na kutia pete ngumu, na hapo sina ubishi wowote na usasa. Kama wamjua mkereza, mjini au Changamwe, aliyewahi kufanya kichwa cha B-series, ndiyo injini ya gari hili, cha cc 1798, niandikie. Kazi yenyewe ni pete nne tu, upande wa moshi.