Andika bei

Nauza khanga na vitenge Kariakoo, kwenye fremu ndogo upande wa Mtaa wa Uhuru, na siku hizi sehemu kubwa ya mzigo wangu inaondoka bila mnunuzi kukanyaga dukani. Wadogo zangu wanaoanza kuuza mtandaoni huniuliza kuhusu matangazo ya kulipia, wafuasi na saa nzuri ya kuposti. Hayo yana nafasi yake. Ila kwanza nawaambia warudi kwenye kurasa zao wafute maneno haya: "Bei njoo inboksi."

Fikiria mteja aliyekaa kwenye daladala ya Gongo la Mboto jioni. Kaiona khanga yako, kaipenda, anataka kujua kitu kimoja tu: anaimudu au haimudu? Ukimwambia aje inboksi, unamtaka ajitokeze mbele ya mtu asiyemjua, aulize, kisha bei ikimzidi atafute namna ya kuondoka kwa heshima. Watu wetu wana haya. Hapendi kukuambia "sina", na hapendi kukaa kimya baada ya kujibiwa. Kwa hiyo haulizi kabisa. Anapita, na wewe hutajua kwamba alikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma nikiona ukurasa mzuri wa binti mwenye bidii, picha safi, mzigo mzuri, halafu bei imefichwa.

Sababu ninazopewa nazijua zote. Ya kwanza ni jirani: ataona bei yangu, atashusha yake. Jirani yako Kariakoo anaijua bei yako tangu zamani, maana mara nyingi mmechukua kwa muuzaji mmoja wa jumla. Asiyeijua ni mteja peke yake.

Ya pili ni ya mawinga, na hii naiheshimu zaidi. Winga hana fremu. Anapiga picha madukani kwetu, anaongeza chake juu, anaposti, oda ikija anakuja kuchukua mzigo. Vijana wengi walioingia sokoni bila mtaji wameanzia hapo, na wengine leo wana fremu zao. Hofu yake ni kwamba akiandika bei, mteja ataona tofauti na kuja dukani mwenyewe. Lakini mteja wa Songea hawezi kuja dukani mwenyewe! Anachokulipia wewe winga ni miguu yako kwenye ule msongamano, macho yako yanayokagua kama kitambaa kina doa, na mkono wako unaofikisha furushi kwenye basi. Kazi hiyo ina bei halali. Iandike bila woga.

Wengine wanasema wanaacha nafasi ya maelewano. Sawa, biashara yetu ina mazungumzo, na mimi mwenyewe napunguza. Basi andika bei ya rejareja, kisha andika inapungua kuanzia doti ngapi. Mteja anayetaka sare za kitchen party ataiona hiyo namba na kuanza kuhesabu mashoga zake.

Kapsheni yangu ya kawaida inasomeka hivi: "Khanga ya pamba, doti moja 15,000. Kuanzia doti sita, 13,500 kila moja. Jina: Nani kama mama. Rangi tatu, nyekundu imebaki kidogo. Tupo Kariakoo, Mtaa wa Uhuru. Dar tunaleta kwa bodaboda, mikoani tunatuma kwa basi, nauli ya mzigo ni ya mteja." Mtu akimaliza kusoma hapo hana la kuuliza zaidi ya "naomba mbili". Ujumbe wa namna hiyo unaujibu ukiwa unakata kitambaa.

Jina la khanga, yaani ule usemi uliochapwa juu yake, liandike kwa maneno kwenye kapsheni, lisibaki kwenye picha tu. Anayenunua khanga ananunua jina kwanza, rangi baadaye. Kuna anayempelekea mama mkwe, kuna anayemzawadia mzazi aliyejifungua, na kuna mwenye ujumbe wake kwa jirani ambao mimi siulizi. Jina likiwa limeandikwa, hata anayetafuta kwa maneno ana nafasi ya kukufikia, na anayekuagiza haandiki "ile ya njano ya juzi" ukabaki unahangaika ni ipi. Picha nayo ipige khanga ikiwa imenyooka, pindo zote zionekane, mji, yaani sehemu ya katikati, uonekane, jina lisomeke. Piga mlangoni asubuhi, kwenye mwanga wa nje. Taa nyeupe za ndani ya fremu zinabadilisha rangi. Zambarau inaonekana bluu, na mzigo ukifika Mwanza unaanza ugomvi usio na sababu.

Sasa, mauzo yangu mengi yanatoka stetasi ya WhatsApp. Instagram inanileta kwa mgeni, stetasi inamrudisha aliyekwisha nunua. Kuna jambo wengi hawalijui: kwa kawaida stetasi yako anaiona mtu ambaye namba yake unayo kwenye simu yako na yeye ana yako. Kumhifadhi wewe peke yako hakutoshi. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) nayo ni vivyo hivyo, ujumbe unamfikia aliyehifadhi namba yako tu, na orodha moja inabeba watu 256. Kwa hiyo kila ninapomaliza kumhudumia mteja mpya namwomba kwa adabu: "Naomba uhifadhi namba yangu, ndiyo utaona mzigo mpya kila unapoingia." Nami namhifadhi kwa jina na mkoa. Simu yangu ina Zawadi Dodoma, Zawadi Kahama na Zawadi sare za bluu. Stetasi hukaa saa 24, hivyo usimwage picha arobaini kwa mpigo. Watu wanazipita haraka haraka. Weka chache asubuhi, chache jioni watu wakitoka kazini. Wiki za mwisho wa mwezi na siku za kuelekea Idi ndipo ninapoongeza.

WhatsApp Business ipo tangu 2018 na ni ya bure, lakini bado nakutana na wauzaji wanaotumia ile ya kawaida. Katalogi yake peke yake inakuokolea kurudia kutuma picha zilezile. Na kwenye maelezo ya ukurasa wa Instagram weka kiungo cha moja kwa moja: wa.me, mkwaju (/), kisha 255 na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Kiungo ukikiweka ndani ya kapsheni hakibonyezeki, unampa mteja kazi ya kunakili tarakimu kwa kidole.

Kuhusu pesa, imani ndiyo kila kitu, maana matapeli wametuharibia wote. Kabla mteja hajalipa, mwandikie jina litakalotokea kwenye Lipa Namba. Akikuta jina asilolitegemea anasita, na ana haki ya kusita. Kwa upande wako, usifungashe kwa sababu umetumiwa picha ya muamala. Fungua salio lako mwenyewe uangalie. Meseji za kughushi zipo nyingi, na wanapenda kuzituma saa za pilikapilika. Mzigo wa mkoani naurekodi video fupi wakati wa kufungasha, jina la mteja likiwa juu ya furushi, kisha natuma picha ya risiti ya basi na namba ya simu ya ofisi atakayochukulia. Video hizo ndizo ninazoposti pia, nikiwa nimeficha namba. Mgeni akiona mizigo inatoka kweli kwenda Iringa, Tabora na Mtwara, maswali yake yanapungua.

Picha ya mteja aliyevaa nguo yako ni jambo jingine. Inauza kuliko maneno, lakini omba ruhusa kwanza, na akikataa acha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, sura ya mtu ni yake.

Halafu tujibu watu vizuri. Nasoma kurasa ambazo kila mteja ni "kipenzi" au "dear", hata aliyeanza kwa "habari za kazi, mwanangu". Huyo ni mama wa mtu. Mwanzie "shikamoo mama", mpe bei, mwulize anataka kwa shughuli gani. Kama anaandika kwa shida, mtumie ujumbe wa sauti, msomee majina ya khanga moja baada ya jingine, mweleze rangi. Wapo wateja wangu wa Tanga na Pangani ambao hatujawahi kuandikiana sentensi ndefu, ni sauti kwa sauti tu. Hawaposti picha, hawaandiki maoni, hutawaona kwenye hesabu ya wafuasi. Lakini familia ikifungua kikundi cha harusi, shangazi na mama wakubwa hao ndio wanaoulizwa sare ichukuliwe wapi, na oda inayokuja ni ya doti za ukoo mzima.