Nani Alilima Shamba la Babu?

Bajaji kutoka stendi ya Bagamoyo mpaka Mji Mkongwe ilinitoka elfu tano. Nililipa, jua lilikuwa kali na begi zito. Jioni mama muuza vitumbua akanihurumia: wenyeji wanalipa buku. Nalisema mapema ili linitoke kifuani. Na nyumba niliyolala, feni ilizunguka pale ilipojisikia, chandarua kilikuwa na tundu la kupitisha popo, chai ya asubuhi ikahesabiwa pembeni. Haya, tuendelee.

Nilikwenda kwa ajili ya babu. Kwetu Tabora hakuna harusi inayoisha bila mzee kusimama na kukumbusha kwamba babu wa babu yetu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe ya ndovu ya frasila mbili, kilo thelathini na kitu, akatembea miezi mitatu mpaka pwani, akarudi na merikani, kitambaa cha pamba, na shanga, ndipo akaoa. Hakufungwa, hakununuliwa, alilipwa. Kwa hiyo jina la mji huu nyumbani tulilipokea kwa furaha: bwaga moyo, tua mzigo, umefika. Shuleni nikalikuta jina hilohilo linalia: hapa mtumwa aliuacha moyo wake kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Nilitaka kuona wenyewe wanalisemaje.

Siku ya kwanza na ya pili sina mengi. Kaole niliiona, magofu ya msikiti na makaburi ya tangu karne ya 13, kimya kizuri, mbu wengi. Kijana wa kunizungusha alitaka elfu thelathini, tukaafikiana ishirini, na kwa ishirini hiyo nilisikia neno mnyororo mpaka likachuja. Kwenye misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika 1868 na kuwajengea kijiji watumwa waliokombolewa, upo mbuyu uliomeza mnyororo. Kimebaki kipande kidogo tu kinachochungulia kwenye gome, chenye kutu, unaweza kukigusa kwa kidole. Kijana akasema hapo walifungwa watu. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani akanyanyua kichwa: "Acha hizo. Mnyororo huo Madame Chevalier, mama wa Kizungu wa hapa misheni, alimfungia mnyama wake." Kijana hakuona haya. Akaninong'oneza kuwa wageni bila mnyororo hawaridhiki.

Ufukweni pana mnara mdogo wa kumbukumbu, mahali Wajerumani walipowanyonga Waafrika waliowapinga. Majina ya walionyongwa hakuna. Askari wa Kijerumani waliokufa miaka ileile, tangu vita vya Abushiri, wana makaburi yao hapohapo mjini, yamezungushiwa ukuta, na majina wanayo. Niliyasoma yote, nikaudhika, nikaenda kutafuta chakula.

Kumbe safari yangu yote ilikuwa kwenye soko la samaki.

Bi mmoja alikuwa anakaanga pweza na changu, karai limeegemea mafiga, moshi wote unanifuata mimi.

"Shikamoo bi."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Tabora."

Akaweka mwiko chini. "Mnyamwezi! Jamani, mtumwa wangu karudi! Si ulitoroka na mzigo wangu weye? Kaa hapo, leo hutoki."

Soko zima likacheka, nami nikacheka. Utani wetu na Wazaramo ni wa njia ileile ya misafara, na mtani hakasirikiwi. Nikamrudishia: mtumwa gani, sisi tulikuwa wapagazi, tulilipwa. Nikamwaga hadithi ya babu kama inavyosemwa harusini, na pembe yake na shanga zake. Alinisikiliza vizuri huku akigeuza samaki.

"Miezi mitatu kuja?"

"Mitatu."

"Na kurudi mitatu. Na hapa mkikaa mkingoja mzigo wa kurudi nao."

"Ndiyo, bi."

"Shamba lake huko nani alilima?"

"Mkewe," nikajibu haraka.

"Si umesema alioa aliporudi?"

Safari hii soko halikucheka. Alinichagulia changu mkubwa, akaminya ndimu, akanisogezea na pilipili. Akaongea taratibu, kama anayesema habari za bei. Bibi yake mzaa mama hakuwa wa hapa. Aliletwa mdogo, hata kabila lake hakulijua, akaolewa hapa, akazaa, kazikwa hapa. Majirani wanajua na hakuna anayesema, kwa sababu wajukuu wa aliyemnunua nao ni majirani, wanakopeshana chumvi. "Wageni wanapita hapa kila siku wanapelekwa kwenye mnyororo. Mie sijaulizwa."

Nilipiga hesabu huku nala. Wajerumani waliondoka bila kuufuta utumwa. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Si mbali. Ni bibi wa mtu aliyenikaangia samaki.

Changu alikuwa elfu nane, ghali, ila siku hiyo sikuteta.

Usiku feni ikiwa imegoma nikawa nawaza Tabora. Pembeni ya kiwanja chetu kuna kaya tuliyokua tukiiita ndugu zetu. Ndugu kwa nani, hatukuambiwa. Misiba walikuja kuchota maji na kuchimba, wakala mwisho. Ardhi ilipogawanywa wao wakapata kipande cha mawe, wakashukuru, na sisi tukaona ni sawa. Bibi yangu alipowataja alishusha sauti: "wale ni watu wa ndani." Mimi nilidhani ni sifa.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipokwenda Songea kuomba radhi kwa ya Maji Maji, nilipiga makofi mbele ya televisheni. Wa nje kuomba radhi tunajua kupiga makofi. Sijui nani angesimama harusini kwetu aseme ya kipande cha mawe, na kama kipaza sauti kisingenyang'anywa. Na huko Bagamoyo, kama wangemwekea yule bi kiti pale makumbusho Jumamosi moja tu, amkabe kila Mnyamwezi anayepita kwa utani wake, ningelipa elfu thelathini bila kupunguziwa.

Asubuhi nikiwa kwenye basi, abiria watano kwenye siti ya wanne na ndoo ya samaki miguuni mwangu, nilimpigia baba mdogo. Nikamsalimu, nikamwambia nilipo, akafurahi, akaanza mwenyewe hadithi ya pembe. Nikamuuliza shamba lilibaki na nani.

Akasema subiri. Nikasikia mlango ukifungwa.

"Nani kakwambia?"