Hatua ya sita tunairuka kila Jumamosi

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Leo naongelea jumuiya, yaani vile vikundi vidogo vya majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, maana hapa Dar ukitaka kujua Mkatoliki anaishije imani yake usimtafute Jumapili kanisani, kule wote tumependeza, mtafute Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi uani kwa jirani, viti vya plastiki vimeazimwa huku na huku, mtoto analia na fundi wa nyumba ya pili ameshaanza kugonga mabati.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi 1973 wakaamua Kanisa huku kwetu lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo, na 1976 wakazifanya kipaumbele cha uchungaji. Na ukifikiria ni kweli kabisa, parokia ya Dar ina waumini maelfu, paroko atajuaje nani Mbagala kalala njaa jana? Ila majirani wanaosali pamoja wanajua, na kama hawajui basi hiyo jumuiya ina shida.

Wengine wanakuja ili wajulikane tu, mtoto anataka ubatizo, ndoa imekaribia, au wanaogopa siku ya msiba wasipate wa kuwazika. Siwalaumu hata kidogo, kuzika wafu ni tendo la huruma, waje tu.

Kinachoniumiza ni kingine. Zile hatua saba za kushirikishana Injili, zilizotoka Lumko, taasisi ya uchungaji ya Kanisa Katoliki kule Afrika Kusini, jumuiya nyingi tunazifahamu: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudia maneno yaliyotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana. Halafu inakuja ya sita, Bwana anataka tufanye nini wiki hii, nani anafanya na lini, ndipo ya saba tunamalizia kwa sala. Sasa hiyo ya sita ndo tunairuka! Tukishashirikishana tu, katibu anasimama na daftari la michango, mara mavuno, mara ujenzi, mara sijui sare za sikukuu ya somo, yaani mtakatifu msimamizi wa jumuiya, jua limeshawaka watu wanawahi sokoni. Michango ni ya lazima sawa, Kanisa tunalitegemeza wenyewe, lakini kwenye ile hukumu ya Mathayo 25 hatutaulizwa risiti, tutaulizwa kama mgonjwa tulimtazama.

Kwetu kuna mama mjane anauza vitumbua, aliugua na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na habari, aliyetuambia ni jirani yake Muislamu ambaye ndo alikuwa anampikia uji siku zote hizo. Jumamosi ile tulikaa kwenye hatua ya sita mpaka ikaeleweka, kijana wa bodaboda akasema kliniki nampeleka mimi bure, dada mmoja akachukua kukaanga vitumbua ili wateja wasihame, wengine wakagawana kuchota maji na kuangalia watoto, na yule jirani Muislamu tukamfuata kumshukuru na kupanga naye zamu.

Na si wagonjwa tu. Kijana mwingine anafanya manunuzi ofisini akatuambia anasukumwa aandike risiti zenye cha juu, akikataa anaonekana mbaya. Mzee mmoja mstaafu akamwambia mwanangu usiandike, na wakikufukuza utakula kwangu mpaka upate kazi. Huyo mzee hakuhubiri wala nini, ila mimi nilielewa Injili ya siku ile kuliko homilia nyingi nilizowahi kusikia, maana kumwambia mtu awe mwaminifu halafu umwache na kodi ya nyumba peke yake hiyo ni rahisi mno.

Kwa hiyo wenyeviti wangu wa jumuiya nawaomba sana, Jumamosi hii matangazo ya michango yaje baada ya hatua ya saba, na katibu kwenye daftari lile lile aandike nani amechukua kazi gani, wiki inayofuata waulizwe kabla hata rozari haijaanza.