Jinsi nilivyozuia kompoziti ya kaboni isipasuke kwenye joto
Vipande vya kompoziti, yaani nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa na epoksi (aina ya resini, gundi inayokauka ikawa ngumu), vilikuwa vinapungua uzito kila nikivitoa kwenye oveni ya sentigredi 200, na mipasuko inaanzia kingoni palepale nyuzi zilipokatwa. Nikaweka vingine kwenye gesi ya naitrojeni, yaani bila oksijeni, joto lilelile, vikapungua kidogo tu, kwa hiyo tatizo kubwa ni oksijeni jamani, sio joto peke yake. Yaani hewa inapenya ikifuata nyuzi, resini ya juu inageuka kahawia, inasinyaa, inapasuka, halafu ule ufa unaifungulia hewa njia ya ndani zaidi. Basi nikaachana na epoksi nikahamia resini ya poliimidi, hiyo inavumilia joto zaidi, na nikakata vipande kwa kufuata urefu wa nyuzi ili ncha chache tu zibaki wazi. Sasa uzito unashuka taratibu sana, kingo hazipasuki.