Reli ya Tanga juu ya meza, nikiwa Hamburg

Ndugu zangu wa Tanga na wote mlio mbali na nyumbani, leo nataka niongee kitu ambacho huku Ujerumani ni kikubwa mno na kwetu wengi hatukijui, treni za modeli, yaani treni ndogo zinazoigiza zile za kweli, na hasa ile kazi ya kutengeneza mandhari yake, udongo, nyasi, miti, vibanda, watu wanaosubiri treni. Kichwa cha treni na mabehewa unanunua dukani yakiwa tayari, ila mandhari inabidi ukae chini uijenge kwa mkono wako, na hapo ndo mimi nilipotekwa.

Anayekaa Hamburg anaijua Miniatur Wunderland, yale maonyesho makubwa ya treni za modeli pale Speicherstadt, kwenye yale maghala ya zamani ya matofali mekundu. Imefunguliwa mwaka 2001, ndugu wawili mapacha wa ukoo wa Braun ndo waliianzisha, na sa hivi reli zake ukizinyoosha zinapita kilomita 15. Kuna Hamburg yenyewe, kuna Uswisi na milima yake, Skandinavia wameweka maji ya kweli meli zinatembea, kuna uwanja wa ndege ndege zinaruka na kutua, na kila baada ya muda mfupi taa zinafifia usiku unaingia na vidirisha vyote vinawaka. Mimi naendaga pale naganda sehemu moja tu, naangalia jinsi walivyopaka kutu kwenye bomba moja la mvua. Wale watu wanajua kuangalia, nawaheshimu sana.

Lakini kwenye maonyesho ya hawa wapenzi wa modeli, yale madogo ya mitaani, ukikuta mtu kajenga Afrika basi ni yaleyale, mgunga mmoja umetandaza matawi, simba, twiga, nyasi za njano, kibanda cha udongo. Yaani bara zima ni hiyo tu. Na mimi nimekulia Muheza, simba sijawahi kumwona pale, nilichokuwa nakiona kila siku ni mashamba ya mkonge mpaka macho yanachoka, miembe, mabati yenye kutu na akina mama na machungwa yao. Sasa nani atakijenga hicho kama sio sisi? Ndo nikaanza.

Na ukiangalia historia, modeli ya reli ya Tanga kujengwa hapa Ujerumani sio kitu cha kulazimisha hata kidogo. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 kutoka Tanga, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Na mwaka huohuo wa 1893 ndo Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta mkonge, miche 1,000 ilitoka Florida ikapitia hapahapa Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote ya mkonge tuliyoyakuta yalianzia kwenye ile miche 62. Mimi nikipita bandarini huku jioni natoka kazini hilo jambo linanijia kichwani kila mara.

Haya tuje kwenye kazi. Skeli ninayotumia ni H0, yaani 1:87, kila kitu kimepunguzwa mara 87, ndo inayopendwa zaidi huku na vifaa vyake vipo kila mahali. Reli yetu ya kwetu upana wake ni mita moja, kwa hiyo ukigawa kwa 87 unapata kama milimita 11 na nusu, na kuna reli za milimita 12 zinauzwa tayari kwa ajili ya treni za milimani za Uswisi, mimi nachukua hizohizo. Shida yake zinakuja na mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli, ya plastiki yanayoigiza mbao, wakati reli ya kwetu ina mataruma mengi ya chuma, maana mbao mchwa angezimaliza. Kwa hiyo napaka rangi ya kahawia iliyokolea, halafu juu yake rangi ya kutu nyepesi kwa brashi kavu, halafu naifuta pembeni mwa taruma ili kingo zing'ae kidogo.

Udongo ndo kitu kilichoniumiza kichwa zaidi. Huwezi kubeba udongo wa nyumbani kuja nao Ulaya, sheria za mimea za EU zinakataza udongo kutoka nje, na mimi siwezi kuvunja sheria kwa ajili ya meza. Basi nikachukua chungu cha maua cha udongo wa kuchoma, vinauzwa kila duka la bustani huku, nikakitwanga kwenye kinu, nikachekecha kwa chujio la chai halafu nikachekecha tena kwa soksi nyembamba ya kike, unga wake unatoka mwekundu uleule wa barabara ya Muheza kipindi cha kiangazi. Nachanganya na mchanga kidogo wa kijivu kwa sehemu ambazo watu wanapita sana, maana njia ya miguu inapauka. Mchanga wowote wa asili kwanza unaupitishia sumaku, kuna vichembe vya chuma humo vikiingia kwenye mota ya treni kwaheri. Ukishamwaga udongo wako unanyunyizia maji kwanza, halafu unadondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji na tone moja la sabuni ya vyombo, bila sabuni gundi inakaa juu kama matone na kuuviringisha udongo wote, ukiweka sabuni inazama yenyewe taratibu.

Nyasi zinauzwa kwenye pakiti, ni nyuzi fupi za nailoni za milimita 2, 4, 6 mpaka 12, na kuna kifaa cha umeme cha kuzimwagia, unachomeka msumari uliounganishwa na kifaa kwenye gundi mbichi, unatikisa kifaa juu yake, nyuzi zinapata chaji zinasimama wima zenyewe. Kazi nzuri sana. Ila kijani wanachouza ni kijani cha Ulaya, kibichi mno, nachanganya na rangi ya majani makavu na kahawia kidogo mpaka kitulie.

Sasa mkonge. Mti wa mkonge jani lake likiwa na mita moja na kitu, kwenye skeli linakuja milimita 14 hivi. Nachukua karatasi ngumu kidogo, naipaka pande zote mbili kijani chenye ukijivu, nakata utepe, halafu kwa mkasi mdogo wa kucha nakata vipembe virefu vyembamba upande mmoja vinabaki vimeshikana chini. Utepe huo nauviringisha kwenye waya, nagundisha, halafu kwa kibanio natanua jani mojamoja, ya nje yalale kidogo, ya katikati yasimame kama mikuki, na kila ncha inapata nukta nyeusi ya rangi. Mkonge uliokatwa unaonekana tofauti na usiokatwa, uliokatwa una kigogo chini chenye alama za majani yaliyoondoka na juu yamebaki machache yamesimama, kwa hiyo shamba langu nusu limekatwa nusu bado, na mpaka kati yake ni mstari ulionyooka. Mkonge unapandwa mistari miwili miwili halafu nafasi ya kupita, ukikosea hiyo mtu yeyote wa Tanga ataona palepale. Huku na kule naweka mlingoti, ile nguzo ndefu ya maua, sentimita 7 hivi, kwa ile mikonge iliyoachwa ikazeeka. Ni kazi ya kuchosha sana shamba zima ila ukiinamisha kichwa usawa wa meza ukaangalia ile mistari inavyokimbia, jamani.

Kituo chenyewe ni kidogo, ni cha kubuni, kuta nene zilizopakwa chokaa, chini zimechafuka wekundu kwa matone ya mvua yanayorusha udongo, ule mstari mwekundu chini ya ukuta bila huo nyumba inaelea. Mabati natengeneza kwa karatasi ya aluminiamu ya trei za chakula. Bati la kweli migongo yake inaachana kama milimita 76, kwenye skeli ni pungufu kidogo ya milimita moja, na nondo yenye nyuzi kama za skrubu, ile ya M5 yenye unene wa milimita 5, nyuzi zake zinaachana milimita 0.8, karibu sawasawa kabisa. Unalaza aluminiamu juu ya kadibodi, unaviringisha ile nondo kwa nguvu, bati linatoka. Unakata vipande vya milimita 34, hilo ni bati la mita tatu, unayapandisha moja juu ya jingine kama fundi anavyofanya, kuanzia chini kwenda juu. Kutu haianzi popote tu, inaanza kwenye misumari na pale mabati yanapopandana, halafu inachuruzika kufuata mfereji. Na bati moja naliacha jipya linalong'aa, maana hakuna paa kwetu ambalo halijawahi kubadilishwa bati moja.

Watu wadogo wa modeli wanaouzwa huku wengi wamevaa makoti na kofia za baridi, kwa hiyo nanunua wasiopakwa rangi, nachonga koti kwa wembe, halafu khanga naitengeneza kwa tishu iliyoloweshwa gundi, naizungushia kiunoni na nyingine kichwani, ikikauka napaka pindo kwanza ndo mji. Machungwa ya Muheza ni mbegu za poppy, hizi Wajerumani wanaweka kwenye keki, chungwa la sentimita 8 kwenye skeli ni karibu milimita moja na mbegu ni hivyohivyo. Napaka kijani na njano iliyochanganyika, maana chungwa la Muheza halingoji liwe la rangi ya chungwa ndo liwe tamu. Napanga mafungu mafungu juu ya kiroba. Mama anayeuza hayo ana urefu wa kama milimita 19.

Picha nazirusha kwa mjomba wangu, alifanya kazi gengi ya reli miaka mingi, sasa kastaafu. Huyu ndo mwalimu wangu. Nilimtumia picha ya nyasi zimeota katikati ya reli mbele ya kituo nikiona zimependeza, akanijibu kwa voisi, "Mwanangu, hapo stesheni nyasi nani kaziacha? Sisi tulikuwa tunafyeka, nyasi weka kule mbele kwenye kona." Nikang'oa zote nikahamishia kwenye kona. Siku nyingine akaniambia niweke pipa la maji pembeni ya nyumba ya gengi na kamba ya kuanikia, na kokoto upande mmoja ziwe nyeupe zaidi kwa sababu zimemwagwa juzi. Vitu hivyo huvipati kwenye kitabu chochote cha modeli hapa Ujerumani, viko kwa wazee wetu, na treni ya abiria ya kaskazini ilivyorudi mwisho wa 2019 baada ya miaka mingi nilifurahi zaidi kwa ajili yake.

Mti niliobakiza ni mwembe mkubwa wa nyuma ya kituo, sentimita 20, nimeshasokota waya za shaba za kebo ya zamani kuwa shina na matawi, majani nataka yawe meusi mazito chini kiasi kwamba kivuli kiwe kivuli kweli, na juu ncha zingine ziwe na ule wekundu wa majani machanga.

Baada ya hapo nataka nianze korona, jengo zima la kuchakatia mkonge, mfereji wa maji, nyaya za kuanikia singa, yaani nyuzi za mkonge, na kireli kidogo cha troli za shambani, kile cha sentimita 60, nitakijenga kwa reli za milimita 6 na nusu. Picha za korona za zamani zilizopo nyingi zimepigwa kwa mbele tu. Mwenye wazazi waliofanya kazi mashamba ya Hale, Ngombezi, Mwera au popote pale, kama kuna picha ya upande wa nyuma, pale makapi yanapotokea, naiomba, hata kama imechanika, na kama mzee bado yupo muulizeni paa la korona lilikuwa na matundu ya hewa juu au la.