Daktari wa choo

Ndugu zangu wa Kibosho wakiulizwa nafanya kazi gani, hujibu "ni daktari" kisha wanahamia kwenye habari za kahawa. Shangazi ndiye hafichi: "Kasoma miaka yote ile, sasa anapima mavi ya watoto wa watu." Hajakosea. Niliosoma nao wengi ni mabingwa wa upasuaji. Mimi nimeng'ang'ania kichocho cha tumbo, ugonjwa wa minyoo, huku chini Moshi kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni.

Makopo hufika asubuhi kutoka shuleni, mengine yamejaa hadi mfunikoni (mtoto akikabidhiwa kopo, anajituma). Choo tunakikamulia kwenye wavu, tunajaza kitundu cha kibao kinachochukua miligramu 41.7, tunafunika kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Unahesabu mayai ya minyoo kwa darubini, unazidisha kwa 24, umepata idadi kwa kila gramu. Mayai ya minyoo ya safura hayana subira: ukienda kunywa chai ukachelewa, unakuta yameshafifia, huyaoni tena. Yai la kichocho hiki lina mwiba ubavuni. Hata mwanafunzi mgeni halimpiti.

Kazi yenyewe iko mferejini. Mzee mmoja aliniambia, "Daktari, vidonge vyako nilimeza. Mbona kimerudi?" Nikamweleza kwamba prazikwanteli, dawa hiyo ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaponea, na juu ya hapo yeye kesho yake alirudi majini. Konokono wanaobeba kichocho huachia vimelea vyake majini kwa wingi jua likishapanda, na saa hizo yeye yuko kwenye tope hadi magotini. "Basi nivae buti?" Akacheka, akanionyesha tope la jaruba lilivyo. Buti ingebaki humo humo. Sikuwa na la kumjibu, na sidhani kama wanaotuandalia mabango ya "epuka maji machafu" wamewahi kupandikiza mpunga.

Wiki ijayo tunagawa dawa shuleni. Kila mtoto anasimama kwenye fimbo ya kupimia kimo, urefu wake ndio unaosema vidonge vingapi. Ni vikubwa, vichungu, na tumbo likiwa tupu wanatapika foleni nzima, kwa hiyo nimemwomba mwalimu mkuu uji utangulie. Amekubali, ila sukari ni juu yangu. Jioni napitia sokoni Mbuyuni.